Nani Anakukimbiza?

Katika Kinyarwanda, kukimbia kuna vitenzi viwili. Mtoto anayeshindana na wenzake kufika bombani, kitenzi chake ni kwiruka. Mtu anayeiacha nyumba yake usiku ili aokoe roho yake, kitenzi chake ni guhunga, naye huitwa impunzi. Hakuna Mnyarwanda anayeyachanganya maneno hayo. Kiswahili kimeyakusanya yote mawili katika neno moja. Mwanariadha anakimbia, na aliyevamiwa naye anakimbia. Mzizi mmoja umezaa mkimbiaji na mkimbizi, umezaa watoto wanaokimbizana uwanjani, na umezaa pia kimbilio, yaani mahali pa kujisalimisha.

Sisi wa Biryogo tumekua na lugha zote mbili. Mtaa wetu uko Nyamirambo, upande wa Kigali ambako Kiswahili kilifika na wafanyabiashara Waislamu zamani za ukoloni, kikabaki madukani, misikitini na jikoni. Kwa hiyo tofauti hiyo ya maneno niliijua kabla sijaanza kukisoma Kiswahili chuoni, lakini niliichukulia kuwa jambo la msamiati tu, la kujibia swali la mtihani. Mwaka 2024, nilipojiandaa kukimbia kilomita 10 kwa mara ya kwanza maishani, niliielewa kwa njia nyingine.

Mbio zenyewe ni za Kigali International Peace Marathon, ambazo wengi wetu huziita tu mbio za amani. Zilianza mwaka 2005, na miongoni mwa walioziasisi ni klabu za Soroptimist, shirika la kimataifa la wanawake. Kuna marathoni kamili, kuna nusu marathoni, na kuna mbio ya kilomita 10 inayoitwa Run for Peace, ambayo haidai uwe bingwa. Humo utawaona wazee, wanafunzi, wafanyakazi wa benki waliovaa fulana za rangi moja, na akina mama wenye watoto wao. Wengine wanakimbia, wengine wanatembea na kupiga soga. Mwaka ule zilikuwa mwezi Juni, ndani ya siku zile mia moja tunazowakumbuka waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Ilikuwa miaka thelathini tangu wakati huo.

Wanafunzi tisa wa darasa letu la Kiswahili tulikubaliana kushiriki, na tukaamua tusikimbie bure. Tungetafuta watu wa kutuahidi fedha kwa kila kilomita, kisha fedha hizo tuzilipie mituweli. Kwa msomaji asiyeishi Rwanda, mituweli ni bima ya afya ya jamii ambayo wananchi wengi wameitegemea kwa miaka mingi. Mwaka wa bima huanza Julai na kumalizika Juni, na michango huandikwa kwa kaya nzima. Wakati ule kaya nyingi zililipa faranga 3,000 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwenye mituweli alipokwenda kituo cha afya alilipa faranga 200 tu, na alipopelekwa hospitali alilipa asilimia 10 ya gharama. Faranga 3,000 hazikuwa nyingi kwa mtu mmoja. Lakini mama anayetembeza matunda kwenye ungo, mwenye watoto watano, alilazimika kupata 18,000 kwa pamoja, na mwezi Juni ada za shule na kodi ya nyumba nazo zilimsubiri.

Hesabu yetu ilikuwa rahisi. Faranga 300 kwa kilomita, mara kilomita 10, ni 3,000. Kila mfadhili mmoja angemfikisha mtu mmoja ndani ya bima. Mbio ziliangukia mwezi wa mwisho wa mwaka wa bima, kwa hiyo fedha zingepatikana kabla ya Julai. Washauri wa afya wa umudugudu, ambao hupita nyumba kwa nyumba na kuzijua shida za watu, walikubali kutuonyesha kaya zilizokuwa zimekwama.

Kilichobaki kilikuwa kujifunza kukimbia. Mimi sikuwa na mazoea yoyote ya riadha isipokuwa michezo ya shule, ambayo tulikimbia zaidi kuikwepa kuliko kuishiriki. Ramadhani ya mwaka ule ilimalizika katika wiki ya maombolezo ya mwezi Aprili. Wiki hiyo ilipokwisha, na Idi ilipokuwa imepita, nilikuwa na wiki nane kamili.

Asubuhi ya kwanza nilitoka saa kumi na mbili, kulipokuwa kunapambazuka, nimevaa suruali ndefu, mtandio mwepesi na viatu vya mtumba, caguwa kama tunavyoita hapa. Bibi yangu alikuwa amekaa barazani na kikombe chake cha chai. Alinitazama nikiondoka, akanitazama nikirudi ninahema, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

“We mtoto, nani anakukimbiza?”

Nilicheka nikamwambia hakuna. Yeye hakucheka. Alisema, “Basi usikimbie karibu na nyumba hii,” akaingia ndani.

Tangu siku hiyo nilitembea mpaka mwisho wa mtaa kabla ya kuanza kukimbia, na wakati wa kurudi nilisimama pale pale nikatembea mpaka mlangoni. Baadaye nilisoma kwamba wakufunzi wa riadha nao wanashauri hivyo hivyo. Anza kwa kutembea dakika tano ili misuli ipate joto, na umalize kwa kutembea ili moyo utulie taratibu. Heshima kwa Bibi na afya ya miguu vilikuwa vinadai jambo moja.

Njia yangu ilipanda barabara kuu ya Nyamirambo kuelekea uwanja wa Kigali Pelé. Anayeifahamu Kigali anajua kwamba hapa hakuna mahali tambarare. Mji umekaa juu ya vilima, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Wageni kutoka Mombasa au Dar es Salaam husema pumzi zinawaishia kwenye ngazi tu, na hawasingizii, kwa sababu kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko kule pwani. Sisi tuliozaliwa huku miili yetu imezoea, lakini mazoea hayo hayakiondoi kilima.

Mpango wangu wa wiki ya kwanza ulikuwa kukimbia dakika moja na kutembea dakika mbili, mara nane, kisha kurudi nyumbani. Nilifanya hivyo siku tatu kwa wiki, na siku za katikati nilipumzika. Anayeanza hudhani siku ya kupumzika ni siku iliyopotea, kumbe misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Ukiichosha kila siku, kinachokuja ni maumivu ya muundi na magoti. Wiki ya nne nilikuwa nakimbia dakika tatu na kutembea moja. Wiki ya saba nilifika kilomita 8, kilima kwa kilima.

Swali linalomsumbua kila anayeanza ni hili: nikimbie kwa kasi gani? Jibu ni kwamba ukimbie kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu na sikutaka watu wa Nyamirambo wadhani nimerukwa na akili, nilitumia ngeli za Kiswahili, nikizitaja kwa sauti ndogo: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI, U-YA, mpaka PA-KU-MU. Wiki ya kwanza pumzi zilikatika kwenye KI-VI. Siku nilipozimaliza zote nikiwa napanda, nilijua mapafu yamekubali, na mtihani wa sarufi wa muhula ule nao ulinikuta tayari.

Kuna mengine madogo niliyoyashika njiani. Viatu vinunuliwe jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo ikishinda kutwa, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda, kwa hiyo mteremkoni hatua ziwe fupi. Miezi ya Aprili na Mei ni ya mvua za masika, na vigae vya kando ya barabara vikilowa vinateleza kama sabuni. Kikombe cha uji saa mbili kabla ya kukimbia kinatosha. Sambusa kabla ya kukimbia sipendekezi.

Mazoezi marefu niliyafanya Jumapili, hasa zile Jumapili mbili za kila mwezi ambazo baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari. Utaratibu huo ulianza mwaka 2016. Kuanzia saa moja mpaka saa nne asubuhi barabara huwa ya watu wa miguu na baiskeli, na wahudumu wa afya huweka meza na kupima shinikizo la damu na sukari bila malipo. Mwezi Mei nilimwomba Bibi tufuatane. Nilimwambia sitakimbia mbele yake, tutatembea tu. Alikubali, akavaa kitenge chake kizuri, tukaondoka mapema.

Kwenye meza ya vipimo muuguzi alimfunga mkono, akatazama namba, akampima tena. Shinikizo lilikuwa juu. Alimwandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya kesho yake, akamwuliza, “Mama, una mituweli?” Bibi akaitoa simu yake kuonyesha ujumbe wa malipo, kwa fahari kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Nyuma yetu alikuwa mama mwingine aliyeulizwa swali lile lile, akanyamaza. Muuguzi naye alimwandikia karatasi. Mama yule aliikunja mara nne akaitia kwenye pochi, na mimi niliyekuwa nimesimama pale sikuhitaji kuambiwa kwamba haitafunguliwa.

Tulikaa kivulini tukiwaangalia watu wakipita, mamia yao, wakikimbia. Bibi aliwatazama kwa muda mrefu. Kisha alisema, bila mimi kumwuliza:

“Mimi nilikimbia mtaa mmoja tu. Kuvuka barabara, basi. Mama yako namshika mkono, mjomba wako mgongoni. Ule mtaa ulikuwa mrefu kuliko hizo kilomita zenu kumi.”

Upande wa pili wa barabara ile kulikuwa na jirani aliyefungua mlango. Hilo nalijua, kwa sababu jirani huyo alipofariki, nikiwa mdogo, Bibi alimlilia kama dada yake wa tumbo moja. Kwamba katika mitaa yetu walikuwepo watu waliowaficha wenzao hufundishwa hata shuleni. Lakini habari za barabara ile, na mtoto mgongoni, sikuwa nimezisikia kinywani mwake. Hakuongeza neno. Nami sikuuliza.

Usiku ule nilirudi kwenye maneno yangu ya Kiswahili. Kitenzi kimoja kinabeba mambo mawili, lakini ukikiongezea kiambishi kinageuza uso. Kukimbia ni kuondoka. Kukimbilia ni kuelekea. Ndipo likapatikana kimbilio. Bibi aliponiuliza nani ananikimbiza, alikuwa anauliza swali la kitenzi cha kwanza, kwa sababu kwake yeye mbio zilikuwa na mtu nyuma. Nilitamani siku moja niweze kumjibu kwa kitenzi cha pili.

Kutafuta wafadhili kulikuwa kugumu kuliko vilima. Wengi waliniuliza nitakimbia kwa muda gani, kana kwamba msaada wao unategemea kasi yangu. Niliwatolea mfano wa Margaret Kenyatta, ambaye mwaka 2014, akiwa mke wa Rais wa Kenya, alianzisha kampeni ya Beyond Zero ya kuwaokoa akina mama wajawazito na watoto wachanga. Mwaka huo huo alikimbia marathoni ya London, akatumia zaidi ya saa saba. Wenye mbio walikuwa wamekwishaoga na kula. Lakini fedha zilizochangwa zilinunua kliniki za kuhamahama zilizopelekwa katika kaunti za Kenya, na mama anayejifungulia ndani ya kliniki hiyo haulizi waliochangisha walishika nafasi ya ngapi.

Mwenye duka la mtaani kwetu aliahidi faranga 300 kwa kilomita. Kijana wa pikipiki aliahidi 20, yaani 200 kwa mbio nzima, na aliomba jina lake liandikwe kwenye daftari kama la wengine. Niliandika. Haba na haba hujaza kibaba, na vijana wa pikipiki kumi na watano wa namna hiyo ni mituweli ya mtu mmoja.

Bibi ndiye aliyenitatiza. Nilipomfungulia daftari, alisikiliza maelezo yote ya kilomita na ahadi, kisha akafungua fundo la kitenge akatoa faranga 3,000 taslimu.

“Bibi, utalipa baada ya mbio,” nilimwambia. “Nisipofika mwisho, utapunguza.”

“Nipunguze nini?” alisema. “Yule jirani hakunihesabia hatua.”

Neno lile lilinikaa kichwani wiki zote zilizobaki. Kama msaada wa kweli hauhesabu hatua, basi mbio zetu zilikuwa na maana gani? Kwa nini watu tisa wachoshe miguu ndipo mtoto wa mtu apate bima? Si ingetosha kuchangisha tu, bila fulana wala jasho? Nililipeleka swali hili kwa wenzangu, tukalijadili tukiwa tunakimbia polepole kuteremka kuelekea Nyabugogo, na hatukukubaliana. Mmoja alisema mbio ni kisingizio tu cha kubisha hodi kwenye milango ya watu. Nilimwambia kisingizio hicho si kidogo. Nimeishi Biryogo miaka yangu yote na sikuwahi kusimama mlangoni kwa jirani nikamwuliza kama kaya yake ina mituweli. Ingekuwa utovu wa adabu. Daftari la mbio lilinipa ruhusa, na wao liliwapa ruhusa ya kujibu. Wawili kati ya watu niliowaendea kuomba ahadi walinieleza, kwa sauti ya chini, kwamba wao wenyewe walikuwa hawajalipa. Majina yao niliyahamishia upande wa pili wa daftari.

Siku ya mbio tulikusanyika Remera, karibu na BK Arena, asubuhi na mapema. Sitaieleza sana, maana kilomita 10 za anayeanza hazina hadithi kubwa. Unaondoka na umati, umati unakuacha, unabaki na pumzi zako. Kwenye kilima cha kilomita ya saba nilitembea, kama nilivyokuwa nimepanga, nikitaja ngeli. Nilimaliza kwa dakika 84. Nyuma yangu walikuja wengi, wakiwemo wazee wawili walioshikana mikono.

Tulipojumlisha ahadi zote zilizolipwa, sisi tisa tulikuwa na faranga 231,000. Hiyo ni mituweli ya watu 77. Tuliilipa kwa simu kabla Juni haijaisha, kaya moja baada ya nyingine, mshauri wa afya akitusomea namba na sisi tukisubiri ujumbe wa uthibitisho kabla ya kwenda kwa inayofuata. Kazi hiyo ilituchukua jioni mbili.

Nilipomsomea Bibi hesabu hiyo alifurahi, kisha akauliza, “Na mwakani?”

Hilo ndilo swali ambalo mbio za siku moja haziwezi kulijibu. Mituweli ya Julai hii inakwisha Juni ijayo, na kaya zile zitakuwa palepale. Lakini wiki nane za mazoezi zilikuwa zimekwishatufundisha namna ya kulijibu, maana hakuna anayefikia kilomita 10 kwa kishindo kimoja. Unafika kwa dakika moja leo, kesho kutwa dakika nyingine, mvua inyeshe isinyeshe. Tuligawa 3,000 kwa miezi kumi na miwili, tukapata 250, bei ya maandazi mawili matatu. Sasa kila mmoja wetu, akimaliza mazoezi ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, anatuma 250 kwa mweka hazina wetu kwa ajili ya mtu mmoja, na anayeweza zaidi anawabeba wawili. Wawili kati ya wale tisa wameacha kukimbia. Hakuna aliyeacha kutuma.